Mbuzi wa siku ya kununua

Jirani yangu, mama mjane mwenye watoto wanne, alikopa shilingi milioni moja mwaka juzi kutoka mpango wa parishi, ule wa serikali wa kukopesha kaya (parishi kwetu ni kundi la vijiji, si ya kanisa). Hapa kwetu, kwenye vijiji vya Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, habari ya mtu kupata pesa haifichiki. Kufikia jioni kila mmoja alikuwa ameshamfanyia hesabu: mbuzi jike wa kienyeji alikuwa akipatikana mnadani kwa laki mbili, kwa hiyo mama atarudi na watano. Alirudi na watatu. Laki nne zilizobaki alizigawa mwenyewe: mbao na mabati machache ya banda, dawa ya minyoo, jiwe la chumvi la kulamba, na kiasi alichokifunga kwenye pindo la kanga akisema hicho ni cha daktari wa mifugo. Maneno yalianza usiku ule ule. Wapo waliosema amekula pesa. Wapo waliomhurumia kwamba wachuuzi wamempunja. Mimi mwenyewe nilidhani amekosea, nikamwambia: "Mama, watatu watakufikisha wapi?" Akanijibu, "Mwalimu, hao watano mnaowahesabu ni mbuzi wa siku ya kununua."

Jibu hilo sijaweza kulitoa kichwani, kwa sababu naona nchi yetu nzima inahesabu mbuzi wa siku ya kununua. Miradi inahesabu waliogawiwa. Viongozi wanapiga picha na waliogawiwa. Hakuna anayerudi baada ya mvua mbili kuuliza wangapi wamesimama kwa miguu yao. Na mbuzi si jambo dogo Uganda. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 iliwakuta mbuzi wapatao milioni 12.5, ile ya 2021 iliwakuta zaidi ya milioni 17, wengi kuliko ng'ombe. Hata hivyo, katika ule ushauri maarufu wa ekari nne ambao Rais Museveni ameuhubiri kwa miaka mingi, kuna ekari ya kahawa, ya matunda, ya chakula na ya malisho ya ng'ombe wa maziwa, kisha kuku na nguruwe uani, na samaki kwa wanaokaa karibu na majimaji. Mbuzi hatajwi. Sisi wa Yumbe, ambao wengi wetu ni Waislamu, nguruwe hatufugi. Ng'ombe wa maziwa hawezekani kwa mtu mwenye nusu ekari. Basi ulipozinduliwa mpango wa parishi mwezi wa Februari 2022, kila parishi ikiahidiwa milioni 100 kwa mwaka na kila kaya ikiruhusiwa kukopa hadi milioni moja, watu wa huku hawakuhitaji kushauriwa. Walikwenda mnadani kununua mbuzi.

Wengi walikwenda na hesabu inayozunguka kwenye simu zetu. Inasema hivi: mimba ya mbuzi ni miezi mitano, kwa hiyo huzaa mara mbili kwa mwaka, tena pacha. Majike watano wanaleta watoto 20 mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu huna pa kuwaweka. Miezi mitano ni kweli. Yanayofuata si kweli. Jike akishazaa ananyonyesha, anakonda, na mwili wake hautashika mimba mpaka uwe na kitu cha kutoa. Aliyetunzwa vizuri sana atazaa mara tatu katika miaka miwili. Anayeshindia kamba kwenye nyasi kavu atazaa mara moja kwa mwaka, na mzao wa kwanza mara nyingi ni mtoto mmoja. Nusu ya watoto hao watakuwa madume. Halafu kuna wale wanaokufa kabla ya kuachishwa ziwa, na hesabu ya kwenye simu haina mstari wa kuwaandika.

Mnada wenyewe ni hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mtu mwenye jike mwema, anayezaa pacha na kuwanyonyesha wote wawili, hampeleki sokoni ila amebanwa na shida kubwa. Anayempeleka kwa hiari ni yule anayetupa mimba, yule ambaye titi moja limekufa, yule aliyezeeka meno. Ndio hao wanaonunuliwa kwa mkopo. Tena mnadani mbuzi wa wilaya tatu wanapumuliana puani kutwa nzima, kisha wanafungwa miguu, wanalazwa juu ya boda na kusafirishwa kilomita 30 bila maji. Nani atashangaa wakianza kukohoa wiki ya pili? Jirani yangu hakununua mnadani. Wawili aliwapata kwa mzee wa kijiji cha pili ambaye zizi lake analijua, na kabla ya kutoa pesa alitaka kumwona mama yao. Wa tatu ni binti wa mbuzi wa shangazi yake.

Lakini jambo ninalotaka kulikalia zaidi ni kamba.

Ukitembea vijijini Uganda wakati wa kilimo, karibu kila mbuzi utakayemwona amefungwa kwenye kigingi. Sababu yake ni ya haki: mashamba yako karibu karibu, na mbuzi wa mtu akiingia kwenye karanga za mwenzake, kesho mko mbele ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji. Kamba inalinda amani. Ila mbuzi hakuumbwa kula kama kondoo. Mwache huru umwone: atasimama kwa miguu ya nyuma, atavuta tawi, ataonja jani hapa na jingine pale, nyasi za chini atazigusa mwisho. Ukimfunga kwenye duara la mita nne, ataanza na kilicho kirefu, na kufikia saa tano asubuhi amebakiwa na nyasi fupi zilizogusa udongo, zile alizozinyea mwenyewe jana. Mabuu ya minyoo hukaa hapo hapo, chini kwenye unyevu, yakipanda majani kwa umande wa asubuhi. Kwa hiyo sisi wenyewe, kwa mkono wetu, tunamlisha minyoo.

Na minyoo inayoua mbuzi wetu haionekani kwenye kinyesi. Ni midogo, inakaa kwenye tumbo la nne na kunyonya damu. Mbuzi anaweza kuwa na mamia kwa mamia na bado akala kama kawaida, mpaka siku anapolala na kutoamka, na mwenye mbuzi akasema amerogwa au ameumwa na nyoka. Dalili zipo, na ni za bure. Vuta kope la chini la mbuzi utazame ndani. Likiwa jekundu, damu ipo. Likiwa la waridi lililofifia, jihadhari. Likiwa jeupe kama karatasi, umechelewa siku nyingi. Wakati mwingine utaona uvimbe wa maji chini ya taya. Kila mtoto wa darasa la tano anaweza kufundishwa kuangalia kope, na mimi nawafundisha wangu.

Dawa tunayo, lakini tunaitumia vibaya. Mtu ananunua chupa moja, anaigawa kwa mbuzi kumi kwa kukisia kwa macho, kila mmoja anapata nusu ya haki yake. Jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni kwamba mwili wa mbuzi huimaliza dawa haraka kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi hakimtoshi. Minyoo isiyokufa ndiyo inayobaki kuzaa, na kizazi chake kinaizoea dawa. Baada ya miaka michache ya hivyo, kijiji kizima kina chupa zisizofanya kazi. Ni heri kutibu wale tu wenye kope zilizopauka, kwa kipimo kamili, baada ya kumuuliza mtaalamu, kuliko kuwarashia wote robo robo.

Jirani yangu anawafunga mbuzi wake baada ya umande kukauka, saa nne hivi, na kigingi anakihamisha kila siku. Jioni wanarudi bandani wanakuta matawi yamening'inizwa juu, majani ya mfenesi, ya viazi vitamu, na maganda ya muhogo aliyoyaanika juani kwanza, maana mabichi yana sumu. Sakafu ya banda ameinua kwa mbao zenye nafasi, kinyesi kinadondoka chini, anakizoa kwa bustani ya sukuma. Hiyo ndiyo ile laki nne watu waliyosema ameila.

Niseme na la sotoka, kwa sababu hapo lawama inahama kutoka kwa mfugaji. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Uganda mwaka 2007, kule Karamoja. Ikiingia kwenye zizi ambalo halijawahi kuiona, mbuzi wanapata homa, machozi na kamasi nzito, vidonda mdomoni, kuhara, kisha mapafu. Inaweza kufagia zaidi ya nusu ya zizi kwa wiki mbili. Dawa ya kuiponya hakuna. Chanjo ipo, na ni nzuri ajabu: sindano moja humkinga mbuzi miaka mitatu au zaidi. Dunia ilishaitokomeza sotoka ya ng'ombe, ndugu wa ugonjwa huu, ikatangazwa rasmi mwaka 2011, na mashirika ya kimataifa yamejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa hii ya mbuzi. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Tatizo liko kwenye chupa. Chanjo hii lazima ikae kwenye baridi tangu kiwandani, na ikishachanganywa na maji yake inatakiwa iishe ndani ya saa chache. Chupa moja ni ya mbuzi 50 au 100. Sasa mama mwenye mbuzi watatu atamwita daktari afungue chupa ya mia? Na daktari mmoja wa kaunti ndogo, mwenye pikipiki inayongoja mafuta, atazunguka nyumba kwa nyumba kwa mbuzi watatu watatu? Haiwezekani, na ndiyo maana wafugaji wadogo wanabaki nje wakati mwenye mbuzi 200 anachanjiwa wote asubuhi moja. Sababu si kwamba mfugaji mdogo ni mvivu au mjinga. Ni umbo la chupa.

Na hapa ndipo ninapoona mpango wa parishi umekalia hazina bila kuijua. Kabla ya mkopo, watu wa parishi walikusanywa, wakaundiwa vikundi, wakaandikishwa majina, wakaambiwa siku na mahali pa kufika. Walifika wote. Nimewaona wazee wanaotembelea fimbo wakifika. Mpangilio ule ule, vikundi vile vile, siku moja kwa mwaka, unaweza kuwakusanya mbuzi wa watu hao chini ya mwembe mmoja, chupa ikafunguliwa na ikaisha. Ningekuwa na sauti huko juu, ningeomba sehemu ya pesa ya kila parishi, hata kidogo, itolewe kabla ya mikopo ya mbuzi kugawiwa, ilipie jokofu la sola, mafuta ya pikipiki na posho ya mhudumu wa mifugo wa kijiji. Kaya chache zingekopa mwaka huo. Nalijua hilo na najua lingeuma, kwa sababu wanaosubiri zamu yao ni majirani zangu pia. Lakini mkopo unadaiwa hata mbuzi akifa. Kumkopesha maskini mbuzi asiyechanjwa ni kumwongezea deni.

Kuna wanaosema dawa ya yote ni mbegu: leteni Boer, yule mbuzi mnene wa Afrika Kusini, mambo yatanyooka. Sina ugomvi na Boer. Kwa mwenye malisho na pesa ya tiba analipa. Kwa mtu wa kamba na kigingi, ni mwili mkubwa unaodai chakula ambacho hakipo. Tunao wetu: Mubende, mwenye ngozi nyororo inayosifiwa; Kigezi, mwenye manyoya marefu kwa ajili ya baridi ya milima ya kusini-magharibi; na huyu mdogo wa Afrika Mashariki tuliye naye huku kaskazini, anayevumilia kiu na jua. Kinachomharibu wa kwetu ni kuzaliana ndugu kwa ndugu. Kila kaya ina majike wawili na kijana wao ambaye hakuhasiwa. Kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mavuno yakishatoka, mbuzi wote hufunguliwa, na dume lolote lililo karibu ndilo baba. Mimba za Januari zinazaliwa Juni, kwenye matope, vitoto vinakohoa kabla ya kumaliza mwezi. Ndivyo nionavyo mwaka baada ya mwaka.

Kiangazi hicho hicho ndicho huzaa kesi nyingi za LC1. Muhogo wetu hukaa ardhini zaidi ya msimu mmoja, na mbuzi waliofunguliwa hawajui kwamba muhogo si mavuno yaliyokwisha. Tangu kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa mwaka 2016, na watu zaidi ya laki mbili kutoka Sudan Kusini kupewa vipande vidogo vya ardhi pembeni yetu, ugomvi wa mbuzi umekuwa pia ugomvi wa mwenyeji na mgeni. Nimeshuhudia pande zote mbili zikiwa na haki.

Bei nayo ina kalenda yake. Wachuuzi wanajua wiki ambayo shule zinafunguliwa, mara tatu kwa mwaka, na wiki hiyo mzazi hana nguvu ya kukataa. Mbuzi anauzwa kwa macho: mchuuzi anambeba, anampapasa kiuno, anataja bei, anageuka kama anayeondoka. Mizani ya kuning'iniza ni kitu cha bei ndogo, kikundi kimoja kinaweza kuwa nayo, na mama akijua dume lake lina kilo 28 hataambiwa ni la kilo 20. Kuna pia karantini. Ugonjwa wa miguu na midomo ulipozuka katika wilaya nyingi mwaka 2023 na 2024, minada ilifungwa kwa mbuzi na kondoo pamoja na ng'ombe, na mtu aliyekuwa ameweka karo ya mwanawe kwenye miguu minne alijikuta hana pa kuuzia. Sipingi karantini. Nasema tu mfugaji mdogo hafidiwi kwa miezi hiyo, wala tarehe ya rejesho haisogezwi kwa sababu yake.

Soko bora tulilo nalo ni Idi kubwa, na wengi wetu tunalikosa kwa kutopanga. Mbuzi wa kuchinja siku hiyo awe ametimiza mwaka, asiwe kilema, chongo wala mgonjwa anayeonekana. Sikukuu yenyewe inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Maana yake dume la kuuza Idi ya mwaka kesho lazima liwe limeshazaliwa sasa, lihasiwe mapema, na lilishwe vizuri miezi mitatu ya mwisho. Anayeanza kufikiria Idi mwezi wa mfungo amechelewa. Jirani yangu aliuza madume wawili Idi iliyopita, mlangoni kwake, bila mchuuzi.

Bado kuna la ndani ya nyumba, na nalisema kwa uzito kwa sababu ni letu wanaume. Mbuzi huku ni mali ambayo mwanamke anaruhusiwa kuiita yake. Anaamka naye, anamkatia majani, anamzalisha saa nane za usiku, anahakikisha kitoto kimepata dang'a kabla hakujapambazuka. Siku mnunuzi anapofika, mwenye kupokea pesa ni mume. Nawajua wanawake waliojifunza kuweka mbuzi wao kwa dada zao vijiji vya mbali ili wasiuzwe wakiwa wamekwenda kuchota maji. Jirani yangu ni mjane. Nimejiuliza mara nyingi kama angeweza kurudi na mbuzi watatu badala ya watano, na kufunga pesa ya daktari kwenye pindo la kanga, kama mumewe angekuwa hai. Nilimuuliza. Alicheka, hakujibu.

Leo zizini kwake wamo wanane. Kati ya wakopaji wenzake waliorudi na watano kutoka mnadani, yupo aliyebaki na wawili, na yupo aliyebaki na kamba na deni. Wapo pia waliofanikiwa na watano wao, nisiwadhulumu. Shida yake sasa ni dume. Madume wake ni wana wa majike wake, amewahasi, na hataki la njiani. Dume moja zuri linatosha majike 25 au zaidi, kwa hiyo hakuna sababu ya kila nyumba kuwa na lake. Ijumaa iliyopita alinituma niwaulize wenzangu baada ya swala kama tuko tayari kuchangia beberu mmoja wa Mubende, akae kwa zamu, na kila baada ya miaka miwili tubadilishane na kijiji cha pili. Tuko kaya saba. Watano wamekubali, na wawili wanataka kujua kwanza atalala kwa nani mwezi wa kwanza.